Chura Aliyengoja Mvua Darasani

Jamani, leo nimeaibika! Nawaandikia nyinyi wawili niliosoma nanyi ualimu, kwa sababu hapa Thika sina tena mtu ninayeweza kumtazama usoni.

Mnajua nafundisha darasa la kwanza katika shule ya shamba la mkonge. Mnajua pia bado niko kwenye majaribio. Inspekta ndiye atakayesema kama nitaandikwa kazi au nitarudi kwetu Ruiru kuchuma kahawa. Wiki nzima tumemngoja. Hakuja. Leo nikajiambia, huyu hatakuja tena. (Akili yangu hiyo.)

Asubuhi baiskeli ilipata pancha pale Juja. Nikaisukuma mpaka shuleni, jua la Februari likinipiga utosini. Nilifika nimechoka kama punda.

Somo lilikuwa namna wanyama wanavyovumilia majira. Kitabu chenyewe kimetoka Ulaya. Kinasema dubu hulala miezi yote ya baridi, theluji ikianguka.

"Mwalimu, dubu ni nani?" akauliza Nyambura. Huyu ndiye kiranja wangu. Ana miaka saba na hajui mzaha.

"Ni kama mbwa, lakini mkubwa kama ng'ombe."

"Na theluji?"

"Ile nyeupe mnayoiona juu ya mlima Kirinyaga asubuhi."

Halafu Otieno, mtoto wa fundi wa mashine, akaanza kulia. Alitaka kwenda nyumbani kabla mbwa hao hawajashuka mlimani. Mwenzake akalia. Darasa zima likalia!

Nikafunga kitabu haraka. Nikawapa mnyama wa hapa hapa: chura. Nikawaeleza kwamba kuna chura ambaye kiangazi kikija hujifukia kwenye udongo. Hali, halii, hatembei. "Hata ukimwita hasikii," nikasema. "Anangoja maji tu."

"Anajifukia vipi?" akauliza Nyambura.

Hapo ningechora ubaoni, yaishe. Lakini mimi mwalimu wa kisasa! Nikachukua gunia, nikalala sakafuni, nikajifunika gubigubi. (Shati jeupe, tai shingoni.)

"Mwalimu, umesema udongo. Hilo ni gunia."

Alikuwa na haki. Nikawaruhusu walete udongo kidogo kutoka kwenye bustani ya maua. Walileta makarai matatu. Wakanimwagia juu ya gunia, wakaupiga-piga kwa viganja vyao vidogo, taratibu, kama mama anayebembeleza mtoto. Chini ya gunia kulikuwa na giza. Kulikuwa na joto zuri. Nikasema nifumbe macho kidogo tu.

Nikalala fofofo.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Mwalimu Mkuu, na hakunificha hata neno. Alikuwa anaingia darasani na inspekta. Ndiyo, yule yule! Kaptula imepigwa pasi, soksi nyeupe mpaka magotini. Wakawakuta watoto wameketi kimya kabisa, wamezunguka kichuguu kinachokoroma.

"Mwalimu wenu yuko wapi?" akauliza inspekta.

"Yuko chini ya udongo," akajibu Nyambura.

"Ngai!" akasema Mwalimu Mkuu. "Amekufa?"

"Hapana. Anangoja mvua."

Mwalimu Mkuu akaniita kwa jina mara mbili. Nyambura akamwambia kwa heshima asijisumbue, kwa maana sisikii. Inspekta akanyoosha fimbo anigonge. Nyambura akasimama katikati.

"Usimguse, bwana! Akitoka kabla ya mvua atakauka afe."

"Na mvua yenyewe itanyesha lini?"

Nyambura akatazama nje. Hata wingu moja hakuna. Akafikiri, kisha akatoa amri: "Otieno, leta debe."

Debe la kumwagilia maua lilikuwa limejaa. Otieno na wenzake wanne wakalibeba. Wakahesabu moja, mbili, tatu.

Jamani! Mimi nilidhani nimetumbukia mto Chania. Nikaruka juu na gunia, matope yakatapakaa pande zote. Nikafumbua macho. Kitu cha kwanza nilichoona ni soksi nyeupe ambazo hazikuwa nyeupe tena. Nikainua macho polepole. Kaptula. Fimbo. Uso wa inspekta.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa umelala?"

Kazi yangu yote ilining'inia hapo. Nifanye nini? Nikachuchumaa. Nikavimbisha mashavu.

"Kroo," nikasema.

Watoto wakapiga makofi. "Ameamka! Ameamka!" Wote wakachuchumaa, wakaanza kurukaruka kwenye matope wakilia kroo, kroo, huku Mwalimu Mkuu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nami ningeacha vipi? Nikaruka nao raundi nzima ya darasa, tai ikiburuta chini.

Inspekta hakucheka. Alimwita Otieno, akamuuliza chura huishije kiangazi. Otieno akaeleza yote, mpaka kukoroma. Akamuuliza mwingine. Naye akaeleza yote. Basi akatoa kalamu, akaandika kwa muda mrefu, akaniambia nimepita.

Nikashukuru, matope yakinitiririka masikioni.

Lakini hajamaliza. Amesema hajawahi kuona watoto wakielewa somo namna ile, na mwezi ujao nilirudie somo hilo ukumbini Ruiru, mbele ya walimu wote wa huko. Lote, kuanzia gunia mpaka debe. Mama yangu anauza ndizi mkabala na ukumbi huo.

Nawaomba kitu kimoja tu: mkialikwa, semeni mnaumwa.