Upanga wa Bwana Burkhard

Jumatatu, 23 Septemba
Mzee Dietmar kashikwa na homa! Mungu amponye, ila polepole. Ndiye mchonga chapa za chuma za kugongea sarafu za kabaila wetu, Bwana Burkhard, na Jumapili ni sikukuu ya Mikaeli: sarafu za zamani zinarudishwa, zinatolewa mpya zenye picha mpya. Nani atachonga? Mimi! Miaka yote hii nimegonga nyundo tu. Nikiweza hili, kiti cha Dietmar ni changu. Heidolf, mgonga nyundo mwenzangu, kacheka, kaniuliza nimejua kuchonga tangu lini. Wivu huo.

Jumatano, 25
Nimemaliza! Bwana ameketi, upanga mkono wa kulia, vilevile nilivyomwona ukumbini. Pua nimeipunguza. Kitambi nimekifuta kabisa. Mke wangu Gisla kaniambia nikamuulize Dietmar kwanza. Nikamsumbue mgonjwa? Mimi si katili.

Ijumaa, 27
Tumegonga tangu asubuhi. Fedha nyembamba, ukipiga chafya inapeperuka. Heidolf aliitazama sarafu ya kwanza, akaitazama tena, akakohoa, akasema, "Safi sana, fundi." Fundi! Hata yeye kasalimu amri.

Jumapili, 29
Balaa! Sokoni mama muuza kabichi kaishika sarafu, kapaza sauti: "Jamani! Kumbe siku hizi anatawala Bwana Gero?"
Gero ni mdogo wake Bwana Burkhard. Hawasemezani tangu wagombanie kinu cha kusaga. Mwembamba, pua ndogo, na upanga hushika kwa kushoto.
Nikaitazama sarafu. Upanga uko mkono wa kushoto! Chapa hutoa picha kinyume, na mimi nilichonga nilivyoona. Soko zima likaangua kicheko. Bwana mwenyewe akaja, akaniuliza Gero kanilipa nini. Nikaapa hakunilipa kitu. Akasema basi mimi ni mjinga wa bure. Heidolf alicheka hadi akakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 30
Sarafu zinayeyushwa zote. Dietmar kapona kwa hasira. Mimi navuta mivukuto ya kupulizia moto, na anayenituma ni Heidolf!
Lakini nimesikia mama mkuu wa watawa wa bondeni anatafuta mchonga chapa wa sarafu zake. Bahati iliyoje! Yeye huinua mkono wa kulia kubariki, basi. Nilikwenda kumtazama kanisani, nikarudi mbio, nimeshaanza kuchonga: mkono uleule, upande uleule niliouona. Gisla kaniambia tena nikamuulize Dietmar kwanza. Ya nini? Somo nimelipata. Sichongi tena upanga.