Mguu wa Meja

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Kavoi, keateka anayetunza ploti yetu, amepita mlango kwa mlango. Mbwa fulani amemuuma mtu huko Kabiro, mtaa wa jirani, kwa hiyo mwenye ploti ameamua: ikifika Jumapili, mbwa asiye na kadi ya chanjo ya kichaa anatoka. Kavoi amemkazia macho mbwa wangu Meja, aliyelala kwenye sponji za makochi. Nikamwambia kwamba Meja hana kichaa, ana uvivu tu. Hakucheka.

Mke wangu Ndinda amesema Meja akifukuzwa, mimi ndiye nitakayebweka getini. Mbwa huyu tulimlea kwa chupa ya maziwa. Haendi popote!

Kesho kuna chanjo ya bure kwenye uwanja wa kanisa. Shida, mtaa wetu wote wa Kongo hapa Kawangware utapanga foleni, na mimi nina kochi la mteja la kumaliza. Lakini kichwa si cha kufugia nywele tu. Mpango ninao.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi nimemfunga Meja bandeji mguu wa nyuma. Kitambaa cheupe cha makochi, safi kabisa. Ameutazama mguu, akanitazama mimi, akaanza kuchechemea mwenyewe. Msanii!

Foleni imefika barabarani. Mbele kabisa nani? Shiundu, yule kinyozi wa mlango wa pili, na mbwa wake Bosi, ameogeshwa kwa sabuni ya kunukia. Nikapaza sauti: wagonjwa wapite, jamani! Tukapishwa. Mama mmoja akasema maskini. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba hajala tangu Jumatatu. Nikaongeza na kutapika. Ulimi hauna mfupa.

Daktari wa mifugo, mwanadada anayeitwa Nanyama, akasikiliza yote, akaandika. Kisha akasema mnyama mgonjwa hachanjwi, apone kwanza.

Woi! Nikamwambia kumbe amepona sasa hivi. Foleni yote ikaangua kicheko, Shiundu akiongoza. Daktari akasema nijaribu Jumamosi, watakuwa Kibera, kule kijiji cha Raila. Siku ya mwisho.

Shiundu amepigilia kadi ya Bosi mlangoni kwa misumari minne.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefungua bandeji. Meja bado anachechemea! Nimeupapasa mguu wote, hauna hata mkwaruzo. Ndinda ndiye aliyenieleza: tangu jana Trizah wa matumbo anamletea mifupa, Yvonne wa chipsi anamletea firigisi. Kumbe kuchechemea kuna chakula!

Nimembembeleza. Nimemkemea. Nimemwonyesha mfano, nikatembea vizuri mbele yake kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji. Shiundu akaniuliza kama na mimi nimepona. Mjinga yule.

Ndinda haniongeleshi. Amekaa tu, kichwa cha Meja mapajani. Hapo nimeogopa kwa kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Meja amekataa kutembea. Nimemsukuma kwa mkokoteni kutoka Kawangware mpaka Kibera, ameketi wima kama mgombea wa kiti. Watu wanampungia mkono! Mimi jasho mpaka kwenye soksi.

Kufika Raila, daktari ni yule yule. Akautazama mguu, akatikisa kichwa. Nikaanza kukiri kwamba nilidanganya, hakuna ugonjwa, hakuna kutapika, nisaidie dada yangu. Hakuniamini! Mara paka wa manjano akachomoka nyuma ya mabati. Meja akaruka kutoka mkokotenini kwa miguu yote minne, mbio, vumbi, wakazunguka uwanja mara tatu.

Daktari akasema sasa anaamini. Akamdunga sindano, akajaza kadi, akaniambia kichaa cha mbwa si mchezo, siku nyingine nije na ukweli tu. Nimeibusu kadi mbele za watu. Nimelia pia, na sioni haya. Nimeapa: uongo basi.

Jumapili, 15 Juni

Kavoi ameiona kadi, amemkuna Meja masikio. Ndinda amepika chapati na ananiongelesha. Raha tele!

Tuliporudi kutoka kanisani, tukiwa na chapati mlangoni, majirani wakauliza ni nani aliyeutibu mguu wa Meja kwa siku tatu tu. Ndinda akafungua mdomo. Nikamwahi. Nimewaambia ni mimi, kwa mikono hii hii, nilimkanda mishipa, ujuzi wa babu yangu kule Kitui. Wote wakaguna kwa heshima. Ndinda akaingia ndani na chapati zote.

Saa tisa jirani yetu Ndanu ameniletea kuku asiyetaga. Nimemkanda. Saa kumi hodi tena. Shiundu! Goti linamsumbua kwa kusimama kutwa akinyoa watu. Ameniomba msamaha kwa kila neno, na ameniita daktari, mara mbili.

Nimemlaza kwenye kochi la mteja. Sikumbuki alisema goti la kushoto au la kulia, na daktari hawezi kuuliza mara ya pili. Nimeanza na shingo.