Kwa Mbunge Anayenikubalia Mambo Bila Kunijua

Roxbury, Massachusetts
Novemba, 1768

Kwa Mheshimiwa Sir Cuthbert Wexley,
Bunge la Uingereza, London.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Hatujawahi kuonana, lakini ofisa wa forodha amenihakikishia kwamba wabunge wa huko mnatuwakilisha sisi wa makoloni, ingawa hatukumpigia kura hata mmoja wenu. Nikaomba jina, akanipa lako. Nimefurahi sana, maana nina shida.

Tufani imevunja madirisha yangu mawili. Kioo mmekitoza kodi, na bei imepanda hadi huenda nikamuuza Dorcas, ng'ombe wetu wa pekee. Nilipolalamika kwamba sikuulizwa, ofisa alicheka: "Uulizwe wewe kama nani? Mbunge wako alishakubali kwa niaba yako."

Basi, kwa kuwa ndiwe unayenikubalia mambo, naomba kwa heshima zote:

1. Utetemeke kwa baridi kwa niaba yangu hadi Machi. Dirisha moja nimeliziba kwa koti kuukuu, lakini upepo wa hapa hauna adabu.

2. Jumapili unikalie kanisani. Mchungaji wetu akianza kuhubiri hajui kunyamaza, na benchi ni gumu.

3. Jino langu la nyuma ling'olewe kinywani mwako. Mhunzi yeyote mwenye koleo atafaa.

4. Kodi uliyoikubali kwa niaba yangu, uilipe kwa niaba yangu. Dorcas abaki zizini.

Hayo yakikushinda, nipatie kiti hapo bungeni nijisemee mwenyewe. Kusemewa na mtu asiyekujua hata jina ni dharau, Mheshimiwa, na inaniuma kuliko hilo jino.

Msalimie mama watoto, mfalme ukimwona, na wengine wote wanaoniwakilisha hapo.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Jedediah Thorne, mtengeneza mapipa

N.B. Dorcas nimemuuza leo asubuhi. Mke wangu Mehitable amewaka, eti ng'ombe ni zawadi aliyopewa na baba yake na yeye hakuulizwa. Nikamwambia, "Uulizwe wewe kama nani? Mimi mumeo nimeshakubali kwa niaba yako." Jioni nimekuta sahani yangu tupu, na jirani yetu Shemasi Pratt anajifuta mdomo. "Usihangaike, mume wangu," akasema Mehitable, "mwenzako ameshakula kwa niaba yako. Umeshiba?"

Kile kiti, Mheshimiwa, fanya viwe viwili. Mehitable anasema mimi hakunituma.