Wilibrodi wa Lori na Mlango wa Nyuma ya Duka la Mbolea

Sogeeni, enyi watu wa uwanda wa juu mliokunja mikono ndani ya makoti kwa baridi ya Sumbawanga, nanyi wa bondeni mnaojipepea kwa kanga kule Mtowisa. Wekeni vikombe chini, punguzeni redio, maana linalosimuliwa hapa si habari ya ng'ombe walioibwa wala ya diwani aliyeangushwa. Ni habari ya Wilibrodi mwana wa Stefania, dereva wa lori, mfunga minyororo matopeni, ashukaye mteremko wa Rukwa na saruji na kuupanda na mpunga, na jinsi alivyotoka kwenda kumtafuta mtu wa kuzungumza naye, akampata.

Ushujaa wake ulijulikana tangu Mwimbi hadi ziwani. Siku breki zilipomkatikia kwenye kona ambayo madereva wenzake huipita wakisali, yeye alirudisha gia, akaliegemeza lori kwenye ukuta wa mlima taratibu, kama mtu anayemlaza ng'ombe mgonjwa, likasimama. Kisha akashuka, akakaa juu ya jiwe, akamenya muwa, akala mpaka fundi alipofika. Hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Hakuna pia aliyewahi kumsikia akisema kwamba amemkumbuka mtu, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Ikawa katika mvua za masika lori lake likanasa njiani, naye akakaa bondeni juma zima na ushei. Aliporejea nyumbani kwake Majengo, tope likiwa limempanda hadi kwenye nyusi na kambale mkubwa akining'inia mkononi, alimkuta binti yake Faith, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, ameketi mkekani akichezea mfuniko wa sufuria. Shujaa akasimama mlangoni. Mtoto akamtazama kwa utulivu wa jaji, akamgeuzia mgongo, akaendelea na mfuniko wake.

"Amenisahau," alisema Wilibrodi.

Luciana mkewe, mshona vitenge, mwenye ulimi ulionyooka kuliko mkasi wake, hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Hajakusahau, Baba Faith. Tangu ulipoondoka, kila akisikia gari alikuwa anakwenda mlangoni. Amekufanyia tu unavyonifanyia mimi."

"Mimi nakufanyia nini?"

"Nilipotoka Matai kumzika shangazi yangu. Nimelia siku zote zile, nimechoka, nashuka kwenye basi natamani kukuona. Ukanisalimia kama karani wa mizani, ukaenda kuosha lori." Alikata uzi kwa meno. "Na lilikuwa safi."

Mshinda mteremko alimpeleka kambale jikoni, akasimama naye muda mrefu kama watu wawili wanaosubiri kuitwa.

Sasa ijulikane kwamba katika ukoo wa Wilibrodi kulikuwa na kichekesho kilichosimuliwa kila Krismasi. Alipokuwa mdogo kama Faith alivyo sasa, mama yake aliugua kifua, akapelekwa hospitali ya mbali, akakaa huko miezi mingi, na mtoto akalelewa na shangazi. Mama aliporudi, ukoo mzima ukakusanyika uani kumshangilia, naye mtoto akaja hadi mbele yake, akasema, "Shikamoo, mgeni," kisha akaenda kujificha nyuma ya gauni la shangazi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na walicheka tena kila mwaka, Wilibrodi akiwamo.

Jioni ile alimpigia mama yake simu.

"Mama, siku ile niliyokuita mgeni. Na wewe ulicheka?"

Upande wa Mwimbi, kwa mama yake, kulisikika kuku.

"Nilicheka, mwanangu. Watu walikuwa wengi. Halafu nikaingia jikoni, nikasingizia moshi."

Mwana wa Stefania aliposimulia hayo mezani, Luciana aliacha kula, akatoa hotuba ambayo wanahistoria wa nyumba ile huihesabu miongoni mwa hotuba kuu. Alisema: "Mume wangu, sikiliza. Wapo watu waliosomea mambo haya, jinsi mtoto anavyoshikamana na anayemlea, na jinsi kamba hiyo ikikatika anavyokuja kuishi na watu ukubwani. Nimewasikia redioni. Tafuta mmoja. Mimi siendi popote. Ila kukaa na mtu anayejiandaa kuachwa kila siku kunachosha, na huyu mtoto ameanza kukuiga. Ningependa ajifunze kitu kingine kwako. Hata kuendesha lori."

Naye Wilibrodi akasema, "Nitamtafuta," kwa sauti ya mtu aliyeapishwa.

Vita ikaanza. Kwanza alimwendea Clemens, dereva mwenzake, mshauri wa kijiwe kizima. Clemens alisikiliza akitafuna njugu, akatafakari, akatoa hukumu: "Mshikaji, mtoto mnunulie biskuti. Mke mnunulie kitenge." Biskuti zilinunuliwa. Faith alizila zote akiwa amempa baba yake mgongo.

Kisha akamwendea katekista Timoth, mwenye funguo za ukumbi wa parokia, ambaye huwafundisha wachumba. Timoth alimpokea kwa heshima, akamweleza kwamba semina ni ya wanaotarajia kuoana, na kwamba kwa hesabu zake yeye na Luciana walikuwa wamekwisha kuoana.

"Nitakuombea, na hilo nitalifanya kweli," alisema. "Lakini nisikudanganye, ndugu yangu. Ninachofundisha mimi ni namna ya kuishi na mke. Wewe unauliza namna ya kurudi kwake. Hiyo sijasomea. Kaulize hospitali."

Huko hospitali alifika kwenye dirisha ambalo nyuma yake aliketi muuguzi mwenye sweta la kijani, mlinzi wa lango, asiyepitwa na mtu bila maelezo.

"Unasikia sauti, baba?"

"Nasikia yako."

"Usingizi?"

"Ninao."

"Unataka kumdhuru mtu?"

"Hapana. Nataka kumsalimia mke wangu."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Akalitazama jitu lile lenye mabega ya mlango, lililosimama likikunja kofia ya sufu mikononi, na uso wake ukalainika. Akamwambia kwamba daktari wa pale alikuwa na foleni ya wenye maradhi mazito, lakini yupo mama mmoja, Angela, mwanasaikolojia, aliyefanya kazi miaka mingi na akina mama na watoto wachanga, na sasa huwapokea watu wazima na wanandoa. "Ana chumba mtaa wa Jangwani, nyuma ya duka la mbolea. Utapiga hodi tu."

Utapiga hodi tu. Ewe ulimi wa msimulizi, usiteleze hapa, maana tumefika kwenye kona yenyewe.

Alhamisi ile aliegesha lori mbali kidogo, akaja kwa miguu, akauona mlango: wa mbao, wa bluu, umefungwa nusu, pazia likipeperuka ndani. Hapakuwa na mlinzi wala mbwa. Wilibrodi akaukabili, akaupima, akageuka, akaingia dukani akanunua mbegu za mahindi. Akatoka, akausogelea tena hadi kivuli chake kikaugusa, akarudi nyuma kwa mpangilio mzuri, bila kupoteza askari, akanunua mpini wa jembe. Mara ya tatu alinunua kamba ya katani, akaomba apimiwe polepole.

Mwenye duka, Mzee Felisiani, alikuwa ameyaona mengi katika maisha ya kuuza mbolea.

"Kijana, mahindi ya watu yamefika kiunoni. Mbegu unampandia nani?"

"Shikamoo, mzee," alisema Wilibrodi, ambaye kwa mshindo wa mapambano alikuwa amesahau kuamkia.

"Marahaba. Mlango ule uko wazi tangu asubuhi. Wengi huanzia hapa kwangu. Mwezi uliopita mmoja alinunua kwangu bomba la kupulizia dawa, na hana shamba." Akanyoosha mkono juu ya meza. "Niachie mzigo wako. Ukitoka utauchukua."

Ndipo Wilibrodi, akiwa amepokonywa silaha zake zote, akavuka uwanja, akapiga hodi.

Angela alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye shali begani na chupa ya chai kando yake. Alimkaribisha kiti. Alimweleza kwamba yanayosemwa mle hayatoki, kwamba hana dawa ya kumpa wala hatamwamuru afanye nini, na kwamba kazi hii huenda pole, pengine miezi, na baadaye mkewe na mtoto wangeweza kuja pia.

"Mimi ni dereva," alisema Wilibrodi.

"Karibu, dereva."

Naye akanena. Alisimulia breki na kona, matope na minyororo, na mto uliofurika akauvuka peke yake. Angela alisikiliza yote bila kutazama saa, na alipomaliza akauliza, "Ukishafika nyumbani salama, lori limezimwa, kabla hujafungua mlango wako, unajisikiaje?"

Upepo ulipita kwenye pazia. Shujaa alitazama mikono yake.

"Kama mtu ambaye ataambiwa amekosea nyumba," alisema. Kisha akakohoa, akafuta macho kwa kofia, akaulaumu moshi, na mle chumbani hapakuwa na moto.

Angela hakumsahihisha. Alimmiminia chai, wakaendelea kuzungumza, mara juu ya Mwimbi, mara juu ya gauni la shangazi, ambalo Wilibrodi aligundua bado anaijua rangi yake.

Muda ulipokwisha Wilibrodi aliinuka, akavaa kofia, akashika kitasa. Hapo ndipo lilipotendeka tendo ambalo kwa ajili yake mmeitwa. Alisimama, uso kwenye mbao, akasema:

"Alhamisi ijayo. Utakuwepo?"

Wanunuzi huwauliza hivyo wauza maziwa kila asubuhi, na dunia haitikisiki. Lakini huyu, katika maisha yake yote, hakuwahi kumwuliza hivyo binadamu yeyote, kwa kuwa anayeuliza amekwisha kukiri kwamba jibu linamhusu.

"Nitakuwepo," alisema Angela. "Na siku nitakayoshindwa, nitakwambia mapema."

Hapakupigwa mizinga. Barabarani watu walipakia magunia, na Mzee Felisiani alikuwa akimweleza mama mmoja kuhusu viwavi. Lakini sisi tutunzao mambo makuu ya nchi hii tunatangaza, ili watakaozaliwa wajue, kwamba katika mji wa Sumbawanga, Alhamisi moja ya masika, Wilibrodi mwana wa Stefania aliuliza, akajibiwa, akasadiki, japo kidogo.