Kivuti Wawili Katika Wingu Moja

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepewa wingu! Lote!

Joyline, binti wa dada yangu, ameenda Meru kwa mafunzo ya kompyuta. Atarudi Ijumaa jioni. Ameniachia duka, funguo, paswadi na onyo. Onyo nimeshalisahau.

Niandike vizuri, wajukuu watasoma. Watu wa hapa Kianjokoma wanadhani wingu la kompyuta liko juu kule, upande wa mlima. Liko chumba cha nyuma, kati ya betri na gunia la viazi. Ni kompyuta moja kubwa, seva, inanguruma kama kinu cha posho. Ndani yake Joyline amekata mashine kadhaa zisizo na mwili. Kila mteja ana yake. Chama cha kahawa kina yake, ndiyo inayojua kilo za kila mkulima kule kiwandani. Sulemani wa bucha, jirani yetu, ana yake ya oda za nyama.

Nilimweleza Sulemani kwamba seva ni ng'ombe mmoja, unamkata vipande, na kila kipande kinatoa maziwa. Akasema amechinja tangu utotoni na hajawahi kukamua paja. Wivu huo!

Programu ya wingu ilikuja ikijua Washa, Zima na Nakili. Basi. Joyline akaiongezea kisanduku alichokiandika mwenyewe: unatunga amri yako, unachagua jina la mashine, unabofya Tuma. Mashine inatii. Nimeambiwa kisanduku nisikiguse. Mimi! Niliyezima jenereta ya jeshi kule Isiolo kwa kuikemea tu!

Jumamosi kamati ya kahawa inakuja kuamua: wabaki na Joyline, au wahamie kampuni fulani ya Nairobi. Wakihama, duka linafungwa na msichana anarudi kuchuma chai kwa mama yake. Mjomba gani atakaa akitazama hayo?

Jumanne, 4 Novemba

Aibu kubwa. Mashine zetu hazina majina! Zina namba, kama wafungwa.

Nimezibatiza kwa mila yetu: wa kwanza jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke. Ya kahawa ndiyo ya kwanza dukani, kwa hiyo ni Kivuti, jina la marehemu baba yangu. Ya Sulemani ni ya pili, ikapata jina la baba mkwe wangu, Murungi. Sulemani akaja juu. Akauliza bucha yake imeoa lini kwetu. Akasema ana babu yake, anaitwa Jamaldin, na hana deni la jina na mtu. Nikamwambia mwenye wingu ndiye anayebatiza. Akaniita mchungaji wa viazi. Nikaendelea kubatiza kiume.

Kisha nikajinakilia mashine yangu mwenyewe ya mazoezi. Mzaliwa wangu wa kwanza humo ndani! Ataitwa nani kama si Kivuti? Programu ikaonya kwamba jina hilo lipo, ikauliza kama niendelee. Swali la mtu asiye na ukoo. Kwetu kila ndugu amezaa Kivuti wake. Tuna Kivuti mrefu, Kivuti wa ng'ombe, Kivuti wa Kiritiri. Mama alikuwa akisimama mlangoni anaita mara moja, na anayeitwa anajijua kwa sauti.

Nikabofya Ndiyo. Kwa kishindo.

Jumatano, 5 Novemba

Amri yangu ya kwanza! Inaitwa Salamu.

Kuna amri ya mfano ya Joyline inayoandika ujumbe kwenye skrini. Nikaichukua, nikabadilisha maneno, nikatia jina langu. Nikachagua Kivuti. Wangu, bila shaka, nilikuwa namfikiria yeye kabisa. Tuma! Skrini ikaandika: KARIBU, BWANA MKUBWA HEZEKIAH. Nilicheza mpaka viazi vikamwagika. Shule niliiacha darasa la sita, na tazama!

Kabla sijaviokota, simu. Gladwell, mwenyekiti wa chama cha kahawa, mwalimu mstaafu, mama anayeweza kukuchapa kwa kukohoa tu. Akasema wakulima wamepanga foleni na magunia, na mizani haionyeshi kilo, inamkaribisha Hezekiah. Akauliza huyo Hezekiah ameleta kahawa kutoka wapi.

Nikamwambia ni huduma mpya, iko kwenye majaribio. Akasema mkulima mmoja amekataa kupima akidhani kahawa yake inaandikiwa mtu mwingine. Nikamwambia abofye kitufe chochote, salamu itaondoka. Ikaondoka. Baada ya gunia moja ikarudi. Nilikuwa nimeamuru ijirudie, salamu ya mara moja ni ya watu wachoyo.

Lakini fikiria! Nimetuma kwa Kivuti mmoja, nimefika mpaka kiwandani. Hiyo ni nguvu kupita kiasi. Nitaipunguza kesho.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi nikaanza kuondoa salamu kwa Kivuti wangu, ili nijue dawa kabla ya kumtibu yule wa kahawa. Huo ni utaalamu!

Kuna amri ya Joyline inaitwa Safisha. Ameandika isafishe chumba cha takataka tu. Uoga wa vijana. Nikalitoa neno takataka, nikaweka nyota. Nyota ni kitu cha heshima, hata askari wakubwa wanaivaa begani. Nikachagua Kivuti, na mara hii nikalitamka jina kwa sauti ya chini, kama mama, ili yule mwingine asijisikie ameitwa.

Tuma.

Kivuti akasafishika. Hakubaki na doa. Hakubaki na chochote.

Simu. Gladwell. Skrini ya kiwandani nyeusi, msimu mzima wa kahawa haupo, wakulima wamekaa juu ya magunia yao wakisema hawatoki. Akasema hakuna kungoja Jumamosi. Kamati inakuja kesho asubuhi, na kampuni ya Nairobi imeshapigiwa simu.

Nikatunga amri ya Fufuka. Jibu: hakuna wa kuipokea. Nikaikemea seva kama ile jenereta. Ikanguruma tu. Sulemani akaja na kisu mkononi, damu inatona, akauliza kama paja limeacha kutoa maziwa. Halafu akaona uso wangu, akaweka kisu chini. Akasema kwa upole, mzee, mpigie mtoto.

Nikampigia. Nikamwambia Joyline kwa busara kwamba Kivuti hajisikii vizuri. Akapiga kelele kwamba babu alikufa yeye akiwa darasa la pili! Nikasema si huyo, ni wa kahawa. Na pia wangu. Nikamweleza ile nyota, kumbe kwa kompyuta maana yake ni kila kitu. Akanyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekatika.

Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku ya ushindi wangu!

Joyline alifika mapema kutoka Meru, macho mekundu. Kamati ilikuwa imeshakalia benchi, Gladwell katikati na mkoba magotini. Joyline aliwasalimu wote mmoja mmoja. Mimi akanipita. Mjomba mzima! Akauliza tu kama nimebofya kitu kingine tangu jana. Nikasema nimekemea. Akasema hiyo ni sawa.

Kumbe kila jioni wingu hupiga picha ya kila mashine na kuihifadhi! Nilimzoesha Joyline mambo ya kamera tangu akiwa mdogo, kwa hiyo hapo mkono wangu upo. Akafungua kile kisanduku, akatunga amri ya Rudisha. Hakuchagua jina. Akaandika ile namba ya mfungwa, polepole, akiisoma tena na tena. Gladwell amesimama nyuma yake kama mtihani.

Tuma.

Skrini nyeusi. Bado nyeusi. Mzee mmoja wa kamati akaanza kuvaa kofia. Mara:

KARIBU, BWANA MKUBWA HEZEKIAH.

Picha ilikuwa ya Jumatano jioni. Joyline akafunga macho. Sulemani akatoka nje akacheka hadi mbwa wa bucha wakabweka. Lakini Joyline akabofya kitufe, na wakulima wote wakajipanga na kilo zao. Gladwell akajitafuta, akajipata. Akamtafuta dada yake, akampata. Akauliza kule Nairobi, mashine ikifa, ni nani angeamka alfajiri aje kuifufua mbele ya macho yao. Kamati ikakohoa. Wanabaki!

Kwa sharti moja, akasema Gladwell: mjomba asikaribie mashine ya kahawa. Nimeguswa sana. Kitu cha thamani lazima kilindwe, na mimi ndio hicho kitu.

Sulemani akasema sasa anashukuru kuitwa Murungi. Nikamwambia aone faida ya baba mkwe wangu: hata amri za kazi zilikuwa zinampita.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya kanisa Joyline alinisalimu, akanipa chai, akanionyesha mabadiliko. Kisanduku cha amri amekifungia. Mashine zote zimerudi kuwa namba, isipokuwa ya kahawa. Gladwell amekataa. Wakulima wameshazoea kufika na kuuliza kama Kivuti ameamka. Nilifuta chozi.

Na mimi nimepewa mashine yangu rasmi! Ndogo, iko kando, inaitwa Mjomba. Akaniambia humo naweza kutuma amri moja tu, Zima, na niitumie nikichoka. Amri moja! Wafalme wangapi walikuwa na zaidi ya hiyo?

Akaenda kuosha vikombe. Nikachunguza. Kitufe cha Nakili amekisahau wazi. Maskini, uchovu wa safari.

Nikanakili. Mjomba amepata mtoto, wa kwanza, wa kiume. Na mtoto wa kwanza wa Mjomba anaitwa nani, jamani? Programu ikauliza tena lile swali lake la kukosa ukoo. Ndiyo!

Kesho asubuhi, wakulima wakiwa wanapima kahawa na Joyline ametulia, nitaijaribu ile Zima kwa Kivuti wangu. Safari hii nimejua kosa lilikuwa wapi. Nilimwita kwa sauti ya chini mno.