Mashati Juu ya Nyumba Isiyo na Paa

Gornja Vrba,
wiki ya tatu baada ya Mtakatifu Dimitri

Kwa Mheshimiwa Profesa Ratibor Kulić,
Mkurugenzi, Taasisi ya Utafiti wa Ujenzi na Usimamizi wa Miradi.

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umeketi mahali pakavu. Sisi huku ni wazima. Kuhusu ukavu nitaeleza.

Naitwa Rumjana Aleksova, mwanafunzi wa sekondari. Shule ya msingi nilisoma kwa Kibulgaria, ambacho ndicho cha nyumbani, na sasa nasoma kwa Kiserbia, kwa hiyo naona haya kwa ufasaha katika lugha mbili. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, ila linakaa kooni kama mwiba wa samaki, na uso unaniiva kama zile pilipili tunazozichoma kila Septemba. Mtu wa namna hii hamwandikii Mkurugenzi mpaka maji yamfike shingoni. Yangu yamefika, tena yamepitia juu.

Baba anajenga nyumba mpya ubavuni mwa ile ya zamani. Ya zamani ina vyumba viwili: kimoja cha baba na mama, kingine changu na Bibi Stamenka, mama yake baba. Mimi na Bibi tunalala kitanda kimoja. Bibi hukoroma, asipokoroma huongea, asipoongea huniuliza kama nimelala. Katika nyumba mpya, chumba cha juu, chini ya paa, ni changu peke yangu, na kitakuwa na mlango. Mlango wenyewe uko tayari. Tuliupaka rangi ya buluu, umeegeshwa zizini pamoja na mbuzi. Profesa, watu wenye sauti kubwa hawajui mlango ni nini. Mtu mwenye haya asiye na mlango ni kobe aliyevuliwa gamba.

Basi, kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mashati. Wewe ni mtu wa nchi hii, unajua: paa likishasimama, ndugu na majirani huleta mashati na taulo, yakafungwa kwenye kamba juu kabisa, na fundi mkuu hupanda akapaza sauti mpaka kijiji cha pili kisikie: "Eeee! Jirani Spasoje ameleta shati! Mungu ampe ndama kwa kila kifungo!" Shati la mwenye nyumba hubaki juu, mengine mafundi hugawana. Wakishagawana, nyumba imekwisha. Hakuna fundi wa huku atakayeshika mwiko tena katika nyumba yenye mashati, hata umpigie magoti. Kwake ni sawa na kumrudisha bwana arusi kanisani kesho yake.

Taasisi yako iliiona mila hii ikaipa jina. Inaitwa "motisha". Ikajiuliza: kama fundi hufurahi hivi mwishoni, je, akifurahishwa mapema si atakimbia zaidi? Swali zuri. Hata ng'ombe angeweza kuulizwa kama maziwa yangeongezeka akikamuliwa kabla ya kuzaa. Tofauti ni kwamba ng'ombe angekupiga teke, na sisi tulikukaribisha kahawa.

2. Kuhusu kofia. Mtafiti wako, Daktari Vukosava, alikuja kwetu na kofia ya manyoya yenye vikaratasi ndani. Akaeleza kwamba sayansi haipendelei mtu, ndiyo maana inapiga kura. Baba akachomoa kikaratasi: mashati mapema. Jirani yetu Spasoje, ambaye nyumba yake ilikuwa sawa na yetu tofali kwa tofali, akachomoa: mashati wakati wake.

Leo Spasoje ana paa, ana bomba la moshi, na juu ya bomba ana moshi. Kila asubuhi anasimama dirishani kwake na kikombe cha kahawa, anamwita baba:

"Hongera, jirani! Nasikia mmetushinda!"

"Nyamaza, Spasoje."

"Si mimi, ni sayansi! Haya, niambie, jana mwezi uliuonaje kutoka chumba cha kulia?"

Baba ni mtu mwenye haya pia, ila yeye yake huiita hasira.

3. Kuhusu siku yenyewe. Kuta zilikuwa zimefika juu, linta zimekaa, mbao za kenchi za paa zimelala uani zinasubiri kupandishwa. Daktari Vukosava akashuka kwenye gari na furushi la mashati mapya, yamekunjwa kwa pini. Fundi Gradimir, ambaye baba yake alijenga nusu ya mji mkuu na babu yake nusu nyingine (hivi ndivyo anavyosema mwenyewe), akaliangalia furushi kama mtu aliyeletewa jeneza na yeye anakula.

"Fundi," akasema Daktari, "haya ni motisha."

"Haya ni mashati, Daktari."

"Ni mashati ya kukutia moyo uongeze kasi."

"Kasi ya kwenda wapi? Mashati yakipanda, mimi nashuka."

"Jaribuni tu kuwa wa kawaida. Mkiwa wa kawaida, data itakuwa safi."

Akamgeukia Bibi Stamenka, maana katika mila mashati hufungwa na mwanamke mkubwa wa nyumba, na Bibi alikuwa ameshampa ruhusa tangu wiki iliyotangulia. Nilidhani Bibi atasitasita. Wapi! Alivua kitambaa cha kichwani, akajifunga kingine cha sikukuu, akafunga yale mashati pamoja na la baba kwa mafundo mawili mawili, haraka kama anayefunga mbwa mkali. Kamba ikapandishwa kati ya kuta mbili zisizobeba kitu.

Fundi Gradimir akavua kofia. "Bibi Stamenka, wewe ndiwe mkubwa hapa. Nauliza mbele ya watu: tumemaliza?"

"Mmemaliza, wanangu," akasema Bibi. "Mungu awape mikono."

Mimi nilikuwa pembeni na sinia la vikombe vya rakija, pombe yetu kali ya matunda. Sentensi nilikuwa nayo, Profesa, imekamilika, ina kiima na kiarifu: "Lakini hakuna paa." Nilikuwa nayo kwa Kiserbia, na kama Kiserbia kingenikataa nilikuwa nayo kwa Kibulgaria. Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni "Karibuni." Wakakaribia. Wakanywa, wakaimba, wakagawana mashati, wakamkumbatia baba aliyekuwa amekauka kama nguzo, wakapakia jukwaa lao kwenye lori wakaenda zao. Ndipo ikaja siku ya Mtakatifu Dimitri, ambayo mafundi wa huku hufunga kazi na kurudi kwa wake zao mpaka sikukuu ya Mtakatifu Georgi, majani yakichipua. Tulijaribu kutafuta mafundi wengine. Walifika langoni, wakaliona shati la baba juu, wakatuambia hongera.

Ndilo shati lake zuri kuliko yote. Kwa sasa ndicho kitu pekee kilicho juu ya vichwa vyetu.

4. Kuhusu ripoti. Nimeisoma yote. Nilitamani nisiielewe, lakini nilisomeshwa. Katika ukurasa wa maana ya maneno mmeandika kwamba nyumba "imekamilika" pale mafundi wanapoondoka na familia inapopokea pongezi. Kwa kipimo hicho nyumba yetu imekamilika ya kwanza katika wilaya nzima. Ya Spasoje mmeiandika "iliyochelewa", na mmependekeza achunguzwe.

Tena mmeleta wageni kuiona! Walikuja wahandisi kutoka ng'ambo ya mpaka, Bulgaria, wakatembea sebuleni kwetu na miavuli. Mtafsiri wenu aliugua mafua, kwa hiyo Daktari akasema, "Yule binti anajua lugha zote mbili," na watu wote wakageuka kuniangalia. Mzee mmoja mwenye masharubu akaangalia juu, mvua ikamwingia machoni, akauliza paa liko wapi. Nikatafsiri. Daktari akajibu kwamba paa liko nje ya mipaka ya utafiti. Nikatafsiri.

"Naam," akasema mzee, akifuta macho. "Mwambie nimeona. Liko nje kabisa."

Hilo sikulitafsiri. Nilisema, "Anashukuru."

5. Kwa kuwa imethibitishwa kisayansi kwamba shati humaliza kitu, naomba Taasisi isiwe na choyo na ugunduzi huu. Ipo barabara ya kukwepa mji, ambayo imekuwa ikijengwa tangu mama akiwa na umri wangu: itundikieni shati, magari yapite. Ipo zahanati yenye nguzo tupu na mbuzi ndani: shati na taulo, kesho daktari apime watu. Mwalimu wa hesabu naye atapokea shati kutoka kwangu kabla ya mtihani, na ninategemea atajua afanye nini na data hiyo. Na wewe mwenyewe, Profesa, nasikia umebakiza miaka kabla ya kustaafu. Kwa nini usubiri? Tunaweza kukutundikia shati mlangoni pa ofisi, tukakupigia kelele za baraka, tukanywa, na kuanzia saa hiyo uhesabiwe umekamilika. Bibi anafunga mafundo mazuri.

6. Ombi langu la mwisho. Mkikataa kuleta mafundi kabla ya theluji, basi nakuomba wewe na Daktari Vukosava mhamie katika chumba changu kwa majira ya baridi. Kimekamilika, nyinyi wenyewe mmesema. Kina kuta nne na mandhari ya pande tano. Njooni na nakala za ripoti, nyingi mwezavyo. Ni nene, jalada lake ni la plastiki, na zikipangwa vizuri kama vigae zinaweza kuwa utafiti wa kwanza wa Taasisi kumkinga mtu na mvua. Mkiweza kulala humo mpaka Mtakatifu Georgi bila kusema neno "paa", nitakubali kwamba nyumba imekwisha na nitaomba radhi, kwa lugha zote mbili.

Kwa sababu kinachonitoa machozi, Profesa, ni kidogo sana. Sitaki ripoti ibadilishwe jina. Nataka mahali pa kuwa peke yangu ambapo hakuna anayeniuliza kama nimelala.

Nisalimie Daktari Vukosava na kofia yake, makarani, dereva aliyekula banica, ile pai ya jibini ya mama, akasema ni bora kuliko utafiti, na wahandisi wa ng'ambo, hasa yule mzee wa masharubu. Jirani Spasoje anawasalimu pia, kutoka chini ya paa.

Wako mnyenyekevu, mwenye maji,
Rumjana Aleksova

Baadaye kidogo: Nilipomaliza kuandika nilijiona shujaa, kwa hiyo nikamsomea Bibi. Alikuwa anajaza wali kwenye pilipili hoho. Pale penye Spasoje alicheka mpaka wali ukamwagika. Pale penye "Mmemaliza, wanangu" hakucheka.

"Hapo usimlaumu Profesa," akasema.

"Nimlaumu nani, Bibi?"

"Mimi nilijua wataondoka. Nimefunga mashati kwenye nyumba ngapi maisha yangu, nisijue? Yule Daktari alipokuja kuniomba ruhusa nilimpa na kahawa, nikamwongezea na asali."

Nikamwuliza kwa nini. Akaendelea kujaza pilipili ambayo ilikuwa imeshajaa.

"Babu yako alipofariki walikuleta kitandani kwangu, mdogo hivi. Wakasema mtoto anaogopa giza. Nikakubali, mtoto anaogopa giza." Akafuta mikono. "Wewe hujawahi kuogopa giza, Rumjana. Ulilala kama gogo. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza kama umelala."

Akachukua pilipili nyingine. Kisha akasema, "Lala nami baridi hii moja tu. Mtakatifu Georgi akifika, nitampigia Gradimir simu mwenyewe, na lile shati nitalishusha kwa mkono wangu. Hakuna shati, haijakwisha, atapanda."

Kwa hiyo, Mheshimiwa Profesa, naomba ufute malalamiko yangu kuanzia la kwanza hadi la sita. Nyumba yetu imekamilika kama mlivyoandika, na chumba msihamie. Na ikitokea Fundi Gradimir akajisikia vibaya moyoni akataka kurudi kabla ya majani kuchipua, nakusihi mpelekeeni dodoso refu. Katika kuchelewesha kazi, Taasisi yako haina mpinzani.

Mlango wa buluu nimeutoa zizini nikauegemeza ukutani, upande wangu wa kitanda. Haufungi chochote. Bibi ameutundikia shati.