Malkia wa Nyuki Amefungiwa Karanga

Itigi, Jumamosi

Ndugu Mwenyekiti wa Soko, Mzee Mazengo,

Shikamoo. Pole na majukumu. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo na jicho moja, na sababu za vyote viwili utazikuta humu.

Unanifahamu. Ni mimi Sostenes, mkusanyaji pekee wa vitabu vya kale na picha za zamani hapa Itigi. Ninavyo vitabu mia mbili na kumi na vinne. Sijavifungua, maana kitabu cha kale kikifunguliwa kinachoka. Mkusanyaji makini hukitazama ubavuni, akafurahi, akapita.

Sasa, mwezi wa tano nilinunua karanga kwa Damari, yule mama wa pale stesheni. Nilipozimaliza nikaiona karatasi iliyozifunga: nene, ya manjano, herufi za mtindo wa zamani, na picha ya mzinga iliyochorwa mstari kwa mstari. Kitabu cha ufugaji nyuki, Mzee wangu! Huenda nchi nzima hakuna kingine. Nikaipangusa chumvi kwa shati pale pale relini. Tangu siku hiyo nakikusanya kwa kula, na nimefikisha kurasa themanini na moja kati ya tisini na sita. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Damari hafuati namba za kurasa. Ukurasa unaofundisha kuukaribia mzinga niliula Jumanne. Ule unaosema uanze na moshi ulikuja Ijumaa. Katikati hapo, Jumatano, nilikuwa nimeshaukaribia mzinga alioniachia marehemu baba. Hiyo ndiyo habari ya jicho.

2. Nilimwomba aniuzie rundo lote. Akasema yeye anauza karanga, sio vitabu, na akiniuzia karatasi, wateja awamiminie kwenye kofia? Nikampelekea magazeti. Akayarudisha: wino unahamia kwenye karanga, wakati karatasi hii ya zamani haipitishi mafuta. Nimeijaribu mwenyewe. Ni kweli haipitishi.

3. Nilipomuuliza rundo amelipata wapi, alicheka mpaka akaushikilia ungo, akasema, "Baba, hata wewe wa kuniuliza?" Hiyo ni dharau kwa mtu mzima, na naomba iandikwe.

4. Picha ya malkia wa nyuki aliichana vipande viwili kwa ajili ya karanga za watoto. Kichwa ninacho, kina chumvi kidogo. Tumbo lilinunuliwa dirishani na abiria wa Tabora. Nilikimbia na treni mpaka mwisho wa stesheni nikimwonyesha kichwa ili aelewe. Akafunga dirisha.

5. Mkanda wangu umeishiwa matundu. Nyumbani mlenda unaungwa kwa karanga mchana na jioni, kwa kuwa siwezi kuzimaliza peke yangu, na mke wangu Evodia ameanza kunitazama kama mtu wa kuombewa.

Kwa hiyo naomba Damari auze kwa mpangilio wa kurasa, na mteja anayetaka karanga nyingi asubiri sura ndefu. Kila mteja ale papo hapo na karatasi aiache kwako. Treni isiondoke mpaka abiria wote wakunjue karatasi zao zikaguliwe. Halafu meza ya Damari itangazwe kuwa maktaba ya kata, kelele marufuku, honi ya treni ikiwemo. Anayechana kitabu ni adui wa elimu, Mzee. Tukinyamazia karanga leo, kesho utauziwa maandazi yaliyofungwa kwa hati ya kiwanja chako.

Nisalimie mama nyumbani, walinzi wa soko, wauza asali wote bila kubagua, na hata Damari, ila yeye msalimie kwa ukali.

Wako katika kuyatetea maandishi,
Sostenes Alute

Tanbihi: Nilichelewa kuituma barua hii. Leo asubuhi Evodia amenunua karanga mwenyewe, akaniletea ukurasa wa kwanza. Juu yake pana mwandiko wa mkono: "Kwa mwanangu Sostenes. Usome kabla hujaugusa mzinga." Ni mwandiko wa baba. Evodia akanikumbusha lile boksi la makaratasi nililompa Damari mwaka jana kwa mikono yangu, ili nipate nafasi ya kuweka vitabu vya kale. Mzee, kitabu hicho kilikaa kwangu kikiwa kizima miaka ishirini na sita na sikukifungua hata siku moja. Damari amenisomesha kurasa themanini na mbili kwa miezi mitatu. Nimelia, karanga zikiwa mdomoni. Tafadhali malalamiko yote yahamishie kwangu, na mama wa watu asiguswe. Ila muulize kwa heshima kama ana nafasi: kuna vitabu mia mbili na kumi na vinne hapa, naomba anifungie karanga navyo, akianza na ukurasa wa kwanza.